Safu Moja, Runinga Mbili

Mke wangu huwaambia watu kwamba nilimwoa yeye pamoja na kochi, na kwamba kochi ndilo linalopendwa zaidi. Sibishani naye. Nashona sare za shule sebuleni kwetu hapa Migori, cherehani ikitazamana na runinga, na siku ikipita bila mimi kufika hata langoni, naihesabu kuwa siku njema.

Zamani kupata kitu cha kutazama kulikuwa kazi nyingine ya kushona. Filamu za Naijeria zilikuwa kwenye huduma moja, mpira kwenye nyingine, tamthilia za ng'ambo kwenye ya tatu. Naingia hapa, natoka, naingia kule, chai inapoa. Ndipo nikanunua kisanduku kidogo kama kipande cha sabuni, kinacholeta vyote kwenye ukuta mmoja wa picha. Nikawa kama mtu aliyekwenda sokoni siku ya soko bila haja yoyote. Nilipita kila kibanda, nikagusagusa, nikarudi mikono mitupu nikiwa nimefurahi.

Halafu mama mkwe akaja kutoka Lambwe, ana kidonda mguuni na sukari mwilini, ili awe karibu na kliniki ya kumbadilishia bandeji. Kwa desturi yetu mama mkwe halali nyumba moja na mume wa bintiye, wala hawali meza moja. Namsalimia nikiwa nimesimama, macho chini. Kwa hiyo tulimkodishia chumba katika ploti hiyohiyo, mlango wake ukitazama wetu ng'ambo ya uwanja. Mke wangu akitoka asubuhi kwenda kuuza nguo sokoni, tunabaki wawili ambao heshima inatukataza kupiga gumzo.

Haukupita muda mrefu kabla hajamwambia bintiye kwamba Ijumaa anarudi kwake. Amechoka kuwa mgeni ukweni. Na muuguzi alikuwa amesema wazi kwamba akiondoka kabla kidonda hakijakauka, huenda mguu ukakatwa. Mke wangu alinifuata jikoni.

"Mama anachoka kuangalia ukuta," akasema. "Na wewe ndiye bingwa wa kukaa bila kwenda popote. Mfundishe kazi yako."

Mama alipokwenda kliniki, nikaingia chumbani kwake nikafunga ile runinga yetu ya zamani na kisanduku cha pili, akaunti ileile. Kumfundisha rimoti nilimwachia bintiye.

Kesho yake mchana nilikuta kwenye safu ya "Endelea kutazama" kitu nisichokigusa. Daktari wa mifugo, nchi ya theluji, mkono wote ndani ya ng'ombe akivuta ndama. Kilikuwa kimetazamwa karibu mpaka mwisho. Nikaacha cherehani. Miaka yote ya ndoa sikuwahi kujua mama huyu anapenda nini, na sasa nimeambiwa na sanduku la plastiki. Hamu ikanishika. Nikaandika "ng'ombe", na huduma zote zikajibu kwa pamoja: simulizi za wafugaji, katuni ya ndama, wanaume wenye kofia pana juu ya farasi. Nikafungua kila moja kidogo, nikaiacha, ili itokee kwenye safu yake. Katuni aliimaliza. Wale wa kofia hawakupata hata dakika tano. Alimwambia bintiye kwamba watu wakikimbiza ng'ombe namna ile, maziwa yatatoka wapi.

Nilikuwa nimejisifu vya kutosha, pini zikiwa mdomoni, nilipokumbuka jambo. Kama vyake vinakuja kwangu, vyangu vinakwenda wapi?

Vyangu vilikuwa tamthilia moja ya mapenzi, ya msichana aliyeolewa mbali, ambayo nikisikia mke wangu anaingia huwa nahamia taarifa ya habari. Nilikuwa nimeiacha katikati ya busu, na picha ya busu lenyewe ndiyo iliyokuwa pale kwenye safu. Kisanduku hakijui ukwe. Nilikimbilia rimoti nikaifute, nikakuta mstari wa chini ya picha, unaoonyesha mtu alipofikia, umesogea. Mama alikuwa amenipita vipindi viwili.

Sikutoka nje siku hiyo, na safari hii si kwa kupenda. Mke wangu aliporudi alicheka mpaka akakalia sare nilizokwisha kupiga pasi. Akasema mama ameuliza kitu kimoja tu: kama ndicho ninachotazama nikishona kaptula za watoto wa watu.

Alhamisi jioni begi la mama lilikuwa mlangoni pake, limefungwa. Nilikuwa naanua nguo kwenye kamba aliposimama kizingitini, mkono ukutani, bandeji nyeupe mguuni. Nikatazama chini.

"Ora," akaita, ndivyo kwa Kijaluo wakwe wanavyoitana. "Yule msichana atateswa na mama mkwe wake mpaka lini?"

Hakuwahi kuniuliza swali lolote kabla ya hilo.

"Sijui, Mama. Wewe uko mbele yangu. Ila vipindi bado ni vingi, na vipya huja kila Jumapili."



"Kwangu Lambwe hiyo intaneti haishiki," akasema.

"Haishiki, Mama."

"Sasa huyo mtoto nitamwacha na nani?"

Niliiambia ardhi kwamba na mimi peke yangu siwezi, roho yangu ni ndogo.

"Nimeona," akasema. "Basi usitangulie. Nikiwasha, na wewe washa."

Begi likaburutwa ndani.

Ijumaa alikwenda kliniki. Mchana tukatazama, yeye kwake, mimi kwangu, milango wazi. Yule mama mkwe wa kwenye tamthilia alipotokea, nikasikia msonyo ng'ambo ya uwanja. Nikasonya na mimi.

Kidonda kilikauka. Alirudi Lambwe kwa miguu yake yote miwili, tamthilia ikiwa bado haijaisha. Sasa amepiga simu, na bintiye ameniletea ujumbe huku akijizuia kucheka: mama anataka niende nikamsimulie vipindi vilivyobaki. Ukweni haendi mtu mikono mitupu wala na suruali ya kukalia kochi. Nimeacha sare za watu kwanza. Najishonea suruali.