Makande ya Kamanda

Siku niliyoripoti kazini Same, Afisa Mifugo wa Wilaya alinitazama miguuni kabla ya kunitazama usoni. Alitaka kuona nimevaa viatu gani. Vilikuwa viatu vya ofisini, akatikisa kichwa.

"Binti, hapa kazi ni ng'ombe, mbuzi na kuku," akasema. "Mbwa tunamchanja kichaa, basi. Akija mtu na paka, mwambie daktari ametoka."

Nilicheka nikidhani ananitania. Hakuwa ananitania. Chuoni tulisoma moyo wa mbwa na viungo vya paka, tukafanyia mtihani, kumbe huku kazini elimu hiyo haikuwa na kiti wala meza. Nimeitumia kwa kuibia ibia maisha yangu yote, katikati ya magonjwa kama ndigana ya ng'ombe na kideri cha kuku, na sasa nimestaafu nikiwa na magoti mabovu kuliko ya wagonjwa wangu. Ninyi vijana mnaoanza kazi hii mnaniuliza ilikuwaje. Ilichosha. Nitawaeleza hivyo hivyo.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Makanya, kule chini kwenye joto na vumbi la jasi. Palikuwa na mfanyabiashara wa nafaka, Mzee Shabani, ambaye paka wake alizoea kulala juu kabisa ya magunia. Paka akaacha kupanda. Mzee akasema amezeeka, anadeka. Nilipompapasa nyonga alining'ata kidole, nikajua ni baridi yabisi. Gegedu, lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa, hulika taratibu, mwisho mfupa unasaga mfupa. Paka halalamiki. Anaacha kuruka, anaacha kujilamba mgongoni, manyoya yanashikana, na watu wanamwita mvivu.

Nilimwambia mzee apange magunia madogo kama ngazi, ashushe chakula na maji chini, na amtandikie blanketi kuukuu mahali pasipo na upepo. Alifanya yote. Lakini mkewe, kwa huruma tu, akampondea paka kidonge cha panadol ndani ya maziwa, maana yeye mwenyewe kilimsaidia magoti. Ini la paka haliwezi panadol hata kidogo. Fizi ziligeuka rangi ya udongo, uso ukavimba, na hakufika jioni. Yule mama alilia sana, nami niliumia, kwa sababu hakuna aliyekuwa na nia mbaya.

Mfawidhi wa kituo alinikuta nikirudi. "Asubuhi nzima kwa paka?" akauliza. "Ng'ombe wako mnadani wanakungoja."

Tangu siku ile, popote nilipopelekwa nimerudia jambo moja mpaka sauti imekauka: dawa ya mtu iache kwa mtu. Nililisema Shighatini, nilikohamishiwa baadaye, ambako mbwa huanza kuchechemea mapema kwa ile miteremko ya mlimani. Nimelisema kanisani, nimelisema gulioni. Bado nilikuwa nikiitwa kumwona mbwa anayetapika damu kwa sababu amepewa diklofenaki, kidonge cha maumivu cha babu.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Mamba, milimani kwenye mashamba ya tangawizi. Hapo ndipo nilipomjua Mama Nakiete.

Alikuwa mjane, anaishi peke yake juu ya shamba lililoinama kiasi kwamba ukiangusha jembe unalifuata kwa jirani. Watoto wote wako Dar. Alikuwa na mbwa mmoja, Kamanda, aliyelelewa na marehemu mumewe. Kila asubuhi Kamanda alitangulia njiani, mama akafuata na fimbo, wakashuka shambani kufukuza nyani. Mwanawe mkubwa alikuwa amempa mama neno lake: maadamu mbwa yupo, sawa, mbwa akiondoka, mama anahamia Dar, hakuna mjadala.

"Kwa hiyo, mwanangu, unanitibu mimi," aliniambia siku ya kwanza, hata kabla sijamaliza kumwamkia. "Kamanda akilala, nami nimeondolewa hapa."

Kamanda alikuwa akikohoa, hasa akilala, na tumbo lilikuwa limeshuka kama la mbwa mwenye mimba. Niliweka stetoskopu kifuani. Badala ya mapigo mawili safi nikasikia mvumo katikati yake. Vali, yaani vile vilango vya moyo, zilikuwa hazifungi vizuri, damu inarudi nyuma, na maji yanajaa tumboni na kwenye mapafu. Juu ya hayo, magoti ya nyuma yalikuwa yamekakamaa kwa baridi yabisi.

Hapo kazi ni ngumu, na nataka mwelewe ugumu wenyewe. Mbwa wa moyo unampa vidonge vya kutoa maji. Mbwa wa viungo unataka kumpa dawa ya maumivu. Dawa hizo mbili zikikutana zinaweza kuziua figo. Kwa hiyo nilimpa zile za maji, dawa ya maumivu nikaiacha, magoti nikayatibu kwa njia ya zamani: apungue uzito, alale pakavu na penye joto, na atembee kidogo kila siku bila kukosa. Kiungo kibovu kikiachwa kipumzike moja kwa moja kinaganda. Nikamfundisha mama kuangalia pumzi za Kamanda akiwa usingizini. Akiona zinaongezeka siku hadi siku, anipigie. Na chumvi, marufuku.

"Chumvi naiacha leo," akasema.

Aliiacha kweli. Lakini tumbo la Kamanda halikupungua. Nikaongeza dawa, likapungua kidogo, likarudi. Mama akaanza kunitazama kwa namna ambayo sikuipenda. Mwanawe alikuwa ameshapiga simu kuuliza mbwa anaendeleaje, na haikuwa kwa kumpenda mbwa.

Wakati huo Afisa Mifugo wa Wilaya alikuwa kijana, mpole, mwenye maneno ya semina. "Mama," akaniambia, "kupanda mlima kila mara kwa mbwa mmoja, tija yake ni nini?" Nilimjibu kwamba tija yake ina miaka sabini na kitu na inalima tangawizi. Akacheka, akaniachia pikipiki.

Nilifika kwa Mama Nakiete nimechoka, nikakaa jikoni kwenye kigoda. Alikuwa anapika makande, chakula ambacho Mpare akikikosa anahisi hajala, na Kamanda alikuwa akila chungu kimoja na bibi yake. Mahindi na maharage yalikuwa yanachemka. Mama akafungua kikopo, akamega bonge jeupe, akalitumbukiza.

"Mama, hicho ni nini?"

"Magadi. Bila magadi mahindi haya yataiva lini? Kuni nizitoe wapi?"

"Si tulikubaliana chumvi hapana?"

"Chumvi naijua, mwanangu. Hii si chumvi. Hii ni ya kulainisha."

Nilishika kichwa. Kile kinachoshika maji mwilini, kilichomo ndani ya chumvi, kimo ndani ya magadi pia, tele. Nyumba nzima milimani ingekuapia kwamba haitii chumvi, na ingekuwa inasema kweli. Nilipomweleza alimgeukia mbwa, akamtazama.

"Basi nimemlisha mwenyewe," akasema. "Kwa mkono wangu."

"Umemlisha kwa sababu unampenda, mama. Tuloweke mahindi tangu jana yake, tupike bila magadi."

"Vyungu viwili siviwezi. Tutakula sote hivyo hivyo."

Na wakala hivyo hivyo, makande magumu ya kutafunwa mpaka taya ziume. Tumbo la Kamanda likashuka. Kikohozi kikapungua. Akaanza tena kutangulia njiani, polepole, akisimama kwenye kona kumngoja mama na fimbo yake. Katika kazi yangu yote sijaona kitu kilichonifurahisha kuliko wale wawili wakishuka.

Hakupona. Moyo wa namna ile haurudi, unabembelezwa tu. Aliishi misimu kadhaa ya tangawizi, kisha asubuhi moja mama akamkuta amelala na hakuamka. Mwanawe akaja na gari ndani ya wiki ile. Mimi nilistaafu muda mfupi baadaye. Waliniandalia soda na hotuba, na kijana yule wa semina alisema nimeacha pengo. Nilitaka tu kukaa chini.

Sasa nakaa Same mjini, na miye nimeachishwa chumvi na daktari wa watu. Mwezi uliopita Mama Nakiete alinipigia kutoka Dar.

"Shikamoo, mama. Unaendeleaje?" nikamwamkia.

"Marahaba. Moyo mzima, madaktari wanasema. Huku napikiwa vizuri, chumvi hakuna, magadi hakuna. Ila magoti, mwanangu. Magoti yamekakamaa, nainuka kwa kushikwa."

Nikamjibu kwa maneno niliyoyasema maisha yangu yote, bila hata kufikiri. "Tembea kidogo kila siku, mama. Bila kukosa."

Nikasikia televisheni nyuma yake na mtu akifunga geti.

"Natembea niende wapi?" akaniuliza.