Nadhiri ya Miguu ya Dada Eduviges

Dada yangu Eduviges, Mungu amlaze pema, alikula amesimama. Alisimama mlangoni mwa mkahawa wetu pale Ojo Hondo, sahani mkononi, macho barabarani, akiangalia ni gari gani linapunguza mwendo. Watu wa mbali waliacha barabara kuu kwa ajili ya nyama yake ya nguruwe yenye pilipili nyekundu. Meza chache, picha ya Bikira wa San Juan juu ya friji, basi.

"Vige, keti kidogo, kiti hakiumi," Macario, dereva wa lori la saruji, alizoea kumwambia.

"Nikiketi mimi, wewe utakula nini? Saruji yako?"

Sisi wa nyumbani tulijua kilichomnyima utulivu. Mwanawe Nabor alipovuka mpaka kwenda Kaskazini, alikaa muda mrefu bila kupiga simu. Dada akapiga magoti jikoni, unga mbichi wa mahindi mikononi, akamwahidi Bikira: mwanangu akiwa hai, nitakuja kwako San Juan kwa miguu. Nabor akapiga simu kutoka Dallas, mzima. Nadhiri ikabaki.

Kwetu watu huenda San Juan mwezi wa Januari, makundi kwa makundi, na njia yao inapita mlangoni petu. Wanafika na njaa, na hujaji hatozwi chochote. Kila Januari dada alivaa raba, akafunga kamba, kisha akawaona vikongwe waliochubuka nyayo wakiinama kuingia mlangoni. Anavua raba, anarudi kwenye unga. "Mwakani," anasema.

Padri Anselmo alijaribu kumtuliza. "Eduviges, kulisha mahujaji nako ni kuhiji."

"Padri, mimi sikuahidi maharage. Niliahidi miguu."

Mwezi wa Novemba moyo wake ulisimama akiwa anaosha mahindi ya kusaga. Tulisali rozari jioni tisa, na jioni ya mwisho tukauzoa, kama desturi ya kumuaga marehemu, msalaba wa chokaa tuliouchora sakafuni, chokaa ile ile tunayochemshia mahindi. Wengine wakarudi makwao wametulia. Mimi sikutulia. Kwetu nadhiri haifi na aliyeiweka. Ndugu wasipoitimiza, roho yake inabaki njiani. Nilikuwa natia chumvi kwenye maharage, nasahau, natia tena. Wateja wakala hivyo hivyo, kwa kunihurumia.

Nabor alipiga simu. "Mama mdogo, nije niende mimi?"

"Huna karatasi, ukitoka huko hawatakuruhusu kurudi. Watoto wako atawalea nani?"

"Basi nenda wewe."

"Na mahujaji nimwachie nani?"

Nikakata simu, nikarudi kwenye maharage.

Kundi la kwanza la Januari lilifika asubuhi yenye baridi kali. Mbele alikuwa Donya Petronila, kama tunavyowaita kina mama kwa heshima, ameshika bendera ya parokia yao.

"Nyama ipo, dada?"

"Ipo. Lakini leo naondoka nanyi."

"Sasa nani atatupakulia?"

Sikuwa nimefikiria mpaka hapo. Nikageuka, nikamwona Macario mezani, mdomo umejaa.

"Yeye."

"Mimi?" Nusura apaliwe. "Mimi hata yai linaniungulia!"

"Kila kitu kimeiva. Pakua tu. Na wakifika wengine, chemsha maharage."

"Na mikate ya mahindi?"

"Mwombe Mungu."

Alinitazama, akaona sitanii. Akanyanyuka, akajifunga aproni ya marehemu, ikamfika nusu ya tumbo. Mkahawa mzima ukaangua kicheko.

"Donya Macario, niongezee pilipili!" mmoja akapaza sauti.

"Ngoja kwanza nijue kijiko kiko wapi, mpumbavu wewe!"

Nikajaribu raba za dada, zikanibana. Nikavaa zangu, nikatoka kabla moyo haujageuka.

Siku zile za njiani nilisali na wenzangu, lakini mawazo yalikuwa jikoni. Kila tuliposimama kulishwa niliona moto ni mkubwa mno, au unga haukukandwa vizuri. Malengelenge yalipasuka, nikayafunga kitambaa, nikaendelea.

Kanisani San Juan nilitembea kwa magoti mpaka mbele ya altare. Nikasema, "Mama, nimeleta miguu ya Eduviges. Ni hii tu iliyobaki. Mwache apite." Nikangoja nisikie amani. Kabla sijasikia kitu, mtu alinigusa bega.

"Songa, mama, na wengine wana haja zao."

Umati ukanisukuma, nikajikuta nje juani. Nikampigia Nabor.

"Imetimizwa."

Alilia, nikamwacha alie mpaka akaishiwa. Kisha nikaanza kuuliza watu basi la kurudi linaondokea wapi, maana makundi ya nyuma yalikuwa bado hayajapita Ojo Hondo.