Mama Alivyovisugua Vijiko vya Fedha

Enzi za Mwingereza mama yangu alifanya kazi za ndani kwa bibi mmoja wa Kizungu, kwenye shamba la kahawa kule Nduruma. Yule bibi alipofunga virago kurudi kwao, alimwachia mama boksi la vijiko. Wenzake waliachiwa mablanketi na kuku, nao wakamcheka. Mama hakuwajali. Alivileta kwetu mjini Arusha akiwa amelikumbatia boksi lake kama mtoto mchanga.

Mimi niliona vijiko vyeupe tu. Mama alivitenga mafungu mawili hata chai haijapoa. Vya chuma kisichoshika kutu vilikuwa na rangi ileile mbele na nyuma. Vilivyopakwa fedha vilikuwa na weupe wa maziwa, na mgongoni, pale kijiko kinapogusa meza, utando ulikuwa umelika na njano imeanza kuchungulia. Kwa ubishi wangu nikadai ushahidi. Akakoroga kiini cha yai kwa kimoja cha kila fungu, akaviacha bila kuviosha. Asubuhi cha chuma kilikuwa vilevile, cha fedha kimepiga weusi. Akakirudishia weupe wake kwa unga wa chaki na kitambaa laini, polepole, huku akinionya.

"Majivu na mchanga ni vya sufuria. Nisikuone navyo hapa."

Wazee wa upande wa mchumba wangu walipotuma habari kwamba wanaleta posa, mama aliamua kila mgeni apate kijiko chake. Vya chuma havikutosha. Baba, fundi cherehani na mtu wa dini, akauliza vile vingine ni vya nini. Mama angesema ni chuma, nani angejua?

"Vimepakwa fedha, baba watoto."

"Basi hatutavilia. Kuvaa fedha, vaa mke wangu, hata miguuni. Kulia chombo cha fedha ni haramu."

"Ni utando tu."

"Utando wa nini?"

Mama akalifunika boksi.

Nilimkasirikia baba siku nzima. Mama alikuwa na hamu moja tu. Miaka yote aliwaandalia watu wengine meza, na sasa alitaka kuona watu wake mwenyewe, mumewe akiwa wa kwanza, wakila kwa vijiko vyake.

Kesho yake nilimkuta uani amechuchumaa. Mbele yake palikuwa na karai la mchanga mweusi wa Mto Themi, pembeni majivu, na mkononi alishika kipande cha gunia. Alikuwa anasugua kwa nguvu zake zote. Nikajua amechanganyikiwa.

"Mama, unaviharibu."

"Naondoa kinachomzuia baba yako. Lete maji."

Ilimchukua siku kadhaa. Weupe alioutunza miaka yote kwa chaki ulitoka na maji ya majivu, ikabaki shaba ya njano, imejaa mikwaruzo. Vidole vyake vilichubuka. Mimi nililia, yeye hakuwa na nafasi ya kulia.

Siku ya posa wazee walikaa mkekani, pilau ikaletwa. Baba alichukua kijiko cha njano, akakigeuzageuza.

"Na hiki kisije kikawa cha dhahabu."

Wazee wakacheka. Mama alikuwa amesimama mlangoni.

"Ni shaba, baba watoto. Fedha nimeisugua yote."

Baba akakitazama kijiko, kisha akaitazama mikono ya mama. Wageni waliviweka vijiko kando kwa adabu, wakanawa, wakala kwa mkono kama Waislamu wenzao wote pale mtaani. Baba naye hakuwahi kula pilau kwa kijiko maishani mwake. Siku ile alikula kwa kijiko. Wali ulimdondokea ndevuni na kwenye kanzu, mkwe wake mtarajiwa akawa anatazama pembeni asije akacheka, na baba akaendelea mpaka sahani ikawa tupu.

"Kinafaa?" mama akauliza.

"Kinafaa sana."

Wakati wa kuosha vyombo nilijaribu kula ukoko wa pilau kwa kijiko kile. Ulikuwa na ladha ya senti, nikautema. Baba alikitumia kijiko hicho kila siku mpaka alipofariki.