Carte-mère Niliyosema Imekufa

Watu wa Mangobo, hapa Kisangani, wananijua kwa ulimi. Ukinipa kiti, nitakutajia mmoja mmoja waliotuharibia mji: majeshi mawili ya nchi jirani yaliyokuja kupigana kwetu kama watu wawili wanaogombana ndani ya nyumba ya mtu wa tatu, komanda aliyeng'oa mabati ya shule akayapandisha ndege, chef wa avenue, mkubwa wa mtaa wetu, aliyewaonyesha askari nyumba zenye redio kubwa, wakubwa waliotia sahihi karatasi za kuruhusu yote hayo. Bomu lilimkuta dada yangu anatwanga ndizi za lituma, na ninajua lilitoka upande gani. Sikusoma sana, niliishia la tano primaire, lakini sijawahi kuogopa kumtaja mtu.

Donc, ndiyo maana watoto wangu wanashangaa kwa nini kuna mwaka mmoja wa vita ninaouruka nikisimulia. Nauandika hapa. Kwa mdomo nimejaribu, nikashindwa.

Wakati ule nilikuwa fundi wa redio. Kazi nilifundishwa na tonton wangu, mjomba, na sheria yake ya kwanza ilikuwa hii: ubao wa redio ukumbatie chuma. Unakwangua rangi mpaka chuma king'ae, unakaza skrubu, na ule mlio wa nyuki ndani ya spika unakufa. Redio nyingi niliziponya kwa kukwangua rangi tu, na mwenyewe akaondoka akiniita docteur.

Vita vilipotulia kidogo, wanafunzi wa chuo wakaanza tena kutafuta watu wa kuwapigia kazi zao kwa mashine. Ordinatere, yaani kompyuta, mjini zilikuwa chache, na nzima chache zaidi. Nikajiambia, ordinatere ni redio yenye kioo, hakuna zaidi. Nikaanza kuunganisha yangu. Sanduku la chuma lilitoka kwenye ofisi iliyokuwa imeporwa, kioo nilikipata kwa mtu aliyekuwa anakimbilia Bafwasende. Kitu kimoja tu nilinunua kipya: carte-mère, ule ubao mkubwa wa kijani ambao vitu vyote vinachomekwa juu yake. Niliinunua kwa mfanyabiashara mmoja wa Kivu ya Kaskazini, mwenye duka karibu na soko la kati. Vitu vyake vilikuja kwa ndege za mizigo, kwa sababu barabara zote zilikuwa zimekatika. Nyumbani kwangu hatukuwa tumewahi kufungua kitu kipya ndani ya plastiki. Mke wangu aliitunza ile plastiki.

Pamoja na sanduku kulikuwa na kifuko cha vipande sita vya shaba, vifupi, chini skrubu, juu tundu. Sikujua kazi yake. Nilivimwaga ndani ya kopo la misumari, kisha nikafanya nilichofundishwa: nikakwangua rangi ya sanduku kwa kisu, nikailaza carte juu ya chuma kitupu, nikaikaza kwa nguvu zangu zote. Skrubu zake hazikushika, nikaweka zangu nene. Vidomo vya nyuma, pale unapochomeka nyaya, havikulingana na matundu ya sanduku. Nikachukua tupa nikayapanua matundu. Chuma kilikuwa kinaniambia kitu, mimi nikakipiga tupa.

Siku ya kuiwasha niliita majirani. Ndiyo, niliita mwenyewe. Nikabonyeza. Ventilateur, ile feni ndogo, ikazunguka nusu, ikasimama, kama mtu aliyeitwa halafu akaambiwa rudi. Nikabonyeza tena. Nusu, kimya.

"Tonton, hii iko ordinateur ao iko frigo?" akauliza kijana wa toleka, wale wanaobeba watu kwa baiskeli.

"Muache," mwenzake akasema. "Fundi ya radio anataka kuzaa télévision. Mimba ingali changa."

Wakacheka mpaka nje ya barabara.

Siku tatu nilipigana nayo. Nilitoa barrette ya memori nikasugua meno yake kwa gomme ya shule, ya kufutia. Nilitoa ile pile, betri bapa ya saa, nikaiacha mezani wakati wa kula, nikairudisha. Niliazima alimentation, kile kisanduku cha kuleta umeme, kwenye parokia. Nilinusa ubao wote nikitafuta harufu ya kuungua, hakuna. Nilimulika kila njia kwa tochi. Nikaondoa kila kitu kinachoondoleka, nikaacha carte na processeur, ubongo wake, peke yao na umeme. Nusu mzunguko, kimya. Kila kitu nilikigusa isipokuwa skrubu zinazoikaza carte, kwa sababu skrubu nilizikaza mimi.

Siku ya nne nikaenda dukani, carte ndani ya mfuko.

Mfanyabiashara alikuwa mtu mwembamba, mpole, rozari imetundikwa msumarini juu ya kaunta. Alikuwa Kisangani tangu zamani, kabla ya vita vyovyote. Watoto wake wawili walibatizwa hapa. Hayo nayaandika leo kana kwamba sikuyajua siku ile. Niliyajua.

"Patron, carte yako imekufa," nikamwambia.

"Imekufa? Papa, iko mupya. Nilifungua carton mbele yako."

"Mupya nayo inakufa."

"Ni kweli, inaweza." Akaishika kwa ncha za vidole, akaitazama juu na chini. "Uliifunga je?"

"Niliifunga sawa vile banafunga."

"Bon. Sasa hapa courant ya umeme haiko. Urudi nayo nyumbani, usiifunge mu boîte ya chuma. Uiweke juu ya carton kavu, yenyewe tu, na ujaribu. Ikikataa pale, uniletee, nitakupa ingine. Siko mutu ya kukataa."

Kulikuwa na mama mmoja mnene aliyekuja kununua pile za redio. Akacheka. "Papa, umusikilize muenye duka! Pengine uliifunga kichwa chini!"

"Musimuonee," kijana mmoja wa toleka akasema mlangoni, "huyu iko docteur!"

Duka zima likacheka. Mfanyabiashara hakucheka. Angecheka, pengine ningemsamehe upesi zaidi. Alinitazama kwa huruma, na mimi nilisikia kitu kimoja tu: mtu anayeuza sabuni na pile ananiuliza mimi, fundi wa miaka kumi na tano, niliifunga je.

Nikapaza sauti. "Ninyi batu ya Est! Munatuletea vita, kisha munatuuzia bintu bilikufa! Wezi!"

Wakati ule neno hilo lilikuwa kiberiti, na mimi nilijua ni kiberiti. Mtu yeyote wa mashariki, hata aliyepigwa bomu pamoja nasi, ungeweza kumwekea mzigo wa wale waliotupiga. Kicheko kikakatika. Yule kijana wa toleka aliyekuwa ananitania ndiye aliyerudia wa kwanza, "Mwizi!" Mama wa pile akatoka haraka bila pile. Jiwe likavunja kioo cha duka. Askari wawili waliokuwa wanavuta sigara ng'ambo ya barabara wakaja, na sitasema walikuja kutuliza.

"Nani iko na plainte, nani anashitaki?"

Vidole vikanielekea.

"Ni mimi," nikasema.

Wakamchukua. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Papa, uijaribu juu ya carton," kana kwamba bado tunazungumza kazi. Kisha askari wakarudi kuchukua sabuni, pile, tochi, kila kitu, na chef wa avenue akaja na kigari chake kuwasaidia. Hao nimewataja mara nyingi, kwa hasira, kwamba walipora maduka ya watu wa Kivu. Sikuwahi kusema nani aliwafungulia mlango.

Nilirudi nyumbani na carte yangu mfukoni. Courant ilikuwa imerudi. Nikaweka carte juu ya carton, si kwa kumtii. Nilitaka kushuhudia kifo chake vizuri ili nikawaeleze askari. Nikachomeka alimentation. Nikagusisha pini mbili za kuwashia kwa bisibisi.

Ventilateur ikazunguka. Haikusimama. Na kutoka spika ndogo ukatoka mlio mmoja mfupi, safi.

Mke wangu alikuwa mlangoni anapaa samaki. Ni mtu wa mto, wa Isangi, samaki kwake ni kama kusema. Kisu kikasimama.

"Ni nini ile?"

"Iko muzima," nikasema.

"Carte?"

"Iko muzima. Ni chuma ndiyo ilikuwa inaiua. Niliikaza juu ya chuma, njia zake za chini zikagusana."

Akaosha mikono. "Basi, kimbia uende kusema. Ule mutu iko mu mikono ya basoda."

"Couvre-feu."

"Couvre-feu ni saa kumi na mbili, ndipo banakataza kutembea. Sasa ni saa tisa na nusu, papa ya batoto."

Nikamwambia niunganishe kioo kwanza, nihakikishe. Nikaunganisha. Herufi nyeupe zikapanda juu ya weusi, nyingi, haraka, zinahesabu memori zenyewe tu. Na nilifurahi. Hilo ndilo linanichoma kuliko mengine. Mtu alikuwa amefungwa kwa neno langu, na mimi niliketi mbele ya kioo nafurahi kama siku ya ubatizo. Nikatafuta vile vipande sita vya shaba kwenye kopo, nikaelewa kazi yake: ni miguu, vinaiinua carte isiguse chuma. Nikavifunga, kimoja kimoja. Vilikaa kama vilivyotakiwa kukaa tangu mwanzo. Nilipoinua kichwa, saa kumi na mbili ilikuwa imepita. Mke wangu aliniwekea chakula, akaenda kulala.

Asubuhi nikaenda. Askari walikuwa wanafungia watu ndani ya kontena la chuma, nyuma ya ghala moja karibu na mto. Njiani nilikuwa nimepanga maneno: carte ni nzima, kosa ni langu, mtoeni. Maneno saba, niliyahesabu.

Mkubwa wa pale alikuwa anakula kwanga ya muhogo na karanga.

"Wewe njo muenye plainte? Umekuja kuongeza?"

"Hapana, chef. Nimekuja juu ya ule mutu."

"Alikuuzia kitu mbovu, ao hakukuuzia?" Akaendelea kutafuna. "Kama alikuuzia, iko mwizi, anabaki. Kama hakukuuzia, wewe njo ulitudanganya. Basi unaingia pahali yake. Kontena haibaki wazi."

Askari wake wakacheka. Mimi nikatazama ile kontena. Jua lilikuwa bado la asubuhi na bati lilikuwa tayari linalia kwa joto.

"Nimemusamehe, chef," nikasema.

"Umefanya nini?"

"Nimemusamehe. Mambo yaishe."

Mkubwa akapiga paja. "Munaona? Huyu ni mukristu!"

Wakamtoa. Jicho moja lilikuwa limefunga, shati limekatika, viatu hakuna. Alisimama kwanza akizoea mwanga. Mkubwa akamwonyesha mimi kwa kipande cha kwanga: "Ushukuru huyu papa. Amekusamehe."

Akanijia. Nilifikiri atanipiga, na naapa nilitamani anipige. Akanishika mkono.

"Aksanti, papa. Mungu akubariki."

Tulitembea pamoja, yeye bila viatu, mimi nyuma yake kidogo. Nilisema moyoni: tukifika kona ile, nitasema. Tukapita kona. Watu walitutazama, na nilimsikia mmoja anasema, "Amekubali kosa, ndiyo maana banamuachia." Hilo nalo ningeweza kulisahihisha pale pale, kwa sauti ile ile niliyokuwa nayo dukani. Nilitazama chini.

Duka lilikuwa rafu tupu. Hata msumari wa rozari ulikuwa umeng'olewa. Hakuingia. Akanipeleka nyumbani kwake, nyuma, mke wake akaanza kulia aliponiona mimi, akidhani nimemwokoa mumewe. Akaniletea kiti. Mfanyabiashara akaingia chumbani, akatoka na carton mpya, plastiki haijafunguliwa. Carte-mère. Ilikuwa imebaki peke yake, kwa sababu aliiweka chini ya kitanda.

"Uliijaribu juu ya carton, sawa vile nilikuambia?"

"Niliijaribu."

"Ikafanya nini?"

Mke wake alikuwa anamwosha jicho kwa maji ya chumvi. Watoto wawili walikuwa wamesimama mlangoni.

"Kimya," nikasema.

Akatikisa kichwa polepole. "Basi ni humidité, unyevu wa mu ndege. Ni kosa yangu, ningeijaribu mbele ya kukuuzia. Sitaki mutu aseme nilimuuzia kitu ya kufa." Akanyoosha ile carton. "Unisamehe, papa."

Niliipokea kwa mikono miwili, kwa heshima, kama tulivyolelewa kupokea.

"Si kitu," nikamwambia. "Mambo ya kawaida."