Mtaro Niliochimba kwa Jina la Mume Wangu

Majina ya wote tuliochimba mtaro ule nayakumbuka hadi leo, ingawa hapa siandiki hata moja. Ilikuwa miaka ya tisini, upande wa Kiirua. Maji ya mlimani yalikuwa yaletwe kwa mabomba, na kila boma likapewa kipande chake cha kuchimba. Mume wangu nilikuwa nimeshamzika, lakini kwetu boma halibadiliki jina eti mwenyewe amekufa. Nikaandikishwa kwa jina lake, nikachimba mahali pake, mawe matupu, mpaka jembe likavunjika mpini.

Jina lake lilianza na M, halafu kile kialama kinachoning'inia juu, kama wazee wengi wa Meru. Ndugu yake wa mama mwingine alikuwa na jina hilohilo la ukoo, ila bila M wala kialama.

Karani wa mradi alikuwa mtoto wa huyo shemeji yangu. Alikulia jikoni kwangu, akala mukimo wangu mpaka akamaliza sekondari. Kompyuta ilipoletwa, kila mwanachama alifunguliwa faili mle ndani kwa jina lake. Mwenye faili ndiye mwenye bomba.

Siku ya mabomba, mafundi walipita langoni kwangu bila kusimama. Nikaenda ofisini.

"Mama, mashine ilikataa hicho kialama," karani akaniambia. "Nikakitoa pamoja na ile M. Sasa ikasema kuna faili nyingine ya jina hilo, nichague itakayobaki."

"Ukachagua?"

"Nilimuuliza baba."

Baba mwenyewe alikuwa ameketi palepale kwenye benchi. "Shemeji, si utachota kwangu? Ama nimekufungia lango?" Watu wakacheka.

Mimi nilikuwa namtazama kijana. "Wale majirani wawili wa jina moja, uliwatenganishaje?"

"Niliwaandika wa kwanza na wa pili."

"Na baba yako mkubwa ukashindwa?"

Akageuka kumtazama baba yake.

Maji yalifika kwa shemeji, yakipitia kipande changu, chini ya mawe niliyoyang'oa mimi. Alimtuma mkewe aniite nikachote. Sikwenda. Nilijitwika mtungi wangu nikateremka mtoni, na kila nilipovuka pale nilipochimba, nililitaja jina la mume wangu, lote, jinsi alivyoitwa.