Pakiti Ishirini na Nne za Nyanya

Hesabu ya mama kurudi chuo cha uuguzi tuliiandika nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita. Nyumbani mimi ndiye mwenye mwandiko mzuri, ingawa shule niliishia darasa la saba na huandika polepole. Mama alitaja, nikaandika: ada, sare, viatu vyeupe, vitabu, nauli ya taxi, vile vibasi vya hapa, kutoka kwetu Isipingo kwenda mjini na kurudi, kwa miaka miwili. Upande wa pili niliandika mshahara. Mwanamke mmoja wa kanisani, ambaye alisomea kozi hiyo hiyo na sasa anatunza wagonjwa, alikuwa amemwambia mama anapata kiasi gani kwa mwezi. Namba hiyo ilikuwa nzuri. Ila ilikuwa mbali, nyuma ya ile miaka miwili.

Kule kwetu Uvira mama alikuwa muuguzi kwa miaka kumi na miwili. Hapa ugenini diploma yake haikukubaliwa. Aliambiwa aanze upya, akae darasani na vijana wa umri wangu. Tangu tufike tumeishi kwa kuuza nyanya karibu na stendi ya taxi.

"Iko mstari moja hujaandika," mama akasema.

"Upi, mama?"

"Meza yetu. Mimi nikiwa darasani, nani atauza?"

Tulikuwa wawili tu chumbani. Nikaitazama penseli. Mama anajua kwamba hata kanisani, nikiombwa kusoma tangazo, natoka nje kana kwamba nina kikohozi.

"Mwisho wa kujiandikisha ni Jumatatu," akasema. "Kesho Ijumaa utauza peke yako. Ukifikisha four hundred, Jumatatu naenda. Usipofikisha, tunaacha hiyo mambo."

Four hundred, yaani rand mia nne, ndiyo aliyozoea kuuza siku ya Ijumaa. Nusu yake hurudi sokoni kununua nyanya, nusu ndiyo kodi na chakula. Pungufu ya hapo, chuo kingetula sisi.

Asubuhi tulipanga pakiti hamsini mezani, ten rand kila moja, na mama akaondoka bila kugeuka. Nikakaa. Watu walipita mbele yangu wakikimbilia taxi. Mwanamume mmoja alisimama akauliza bei kwa Kizulu, "Malini?" Nikamwonyesha vidole kumi. Akacheka, akanunua moja.

Jirani yetu, mama wa Kirundi anayeuza maharage, alikuwa ameniangalia muda wote.

"We mwana, unauza ao unalinda?"

"Nauza, mama."

"Unauzia nani? Hizo nyanya zinakuogopa na wewe unaziogopa. Piga kelele! Vidole havisikiki mpaka kwa robot, pale kwenye taa za magari."

Nilijaribu. Sauti ilitoka ndogo. Nikachana ubavu wa boksi na kuandika kwa kalamu nene: NYANYA 10. Iliniuma kuona muda unavyopita nikiandika herufi moja moja, lakini baada ya hapo wachache walisimama bila mimi kusema neno. Saa tisa mchana nilikuwa na one eighty. Jua likashuka, watu wakazidi, na bado nilikuwa nawauzia polepole kuliko jirani. Alipoanza kufunga magunia yake nilihesabu tena: two sixty.

Ndani ya kava ya simu yangu kulikuwa na noti mbili, ya mia na ya hamsini. Nilikuwa naziweka kwa ajili ya kioo cha simu, maana kilipasuka siku nyingi zilizopita. Nilizitoa, nikazikunjua na kuzipiga pasi kwa kiganja juu ya paja, nikaziingiza kwenye kopo katikati ya sarafu. Jirani alikohoa.

Mama alikuja na mkoba wa karatasi zake za uuguzi kifuani. Nilimnyooshea kopo. Hakulipokea. Aliinama mezani, akaanza kuhesabu nyanya.

Hilo sikuwa nimelifikiria hata kidogo.

"Zimebaki ishirini na nne," akasema. Kisha akamwaga kopo kwenye kitenge chake, akahesabu taratibu. "Umeuza ishirini na sita. Two sixty. Hapa iko four ten. Nyanya gani hizo ulizouza hazikutoka mezani?"

Nilitazama viatu vyangu.

"Nasema na wewe."

"Zilikuwa kwenye simu, mama."

Alikaa juu ya kreti. Jirani akajitwika gunia na kutuaga haraka. Nilingoja anigombeze, kisha tubebe pakiti twende nyumbani na habari ya chuo iishe. Alitoa ile kalenda mkobani.

"Andika two sixty kwenye mstari wa meza. Si four hundred. Ya kweli."

Niliandika. Sifuri ilitoka kama yai. Alichukua penseli, akatoa nusu ya kununulia nyanya, akatoa kodi. Iliyobaki haikutosha chakula na chuo.

"Jumamosi na Jumapili nitauza mimi," akasema. "Nyama hakuna. Katikati ya wiki ni wewe, miaka miwili. Utaweza?"

Hakuwahi kuniuliza jambo kubwa namna hiyo.

"Jumatatu nitafika two eighty," nikasema, kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia.

Alinirudishia noti ya mia. Ile ya hamsini aliikunja, akaifunga kwenye pindo la kitenge.

"Hii ni taxi ya Jumatatu," akasema. "Sasa beba kreti."