Maji Yaliyonywewa na Jua

Kuna siku haijanitoka moyoni, mwanangu, ingawa ningependa initoke. Nilikuwa msichana, nakaa kwa mama mdogo Kariakoo, nimeajiriwa ofisi moja ya maji. Nilitumwa bara, kwenye nchi kame, nikapime maji yanayozama ardhini kupitia vibonde vinavyojaa wakati wa mvua. Watu walikuwa wanahamia huko, kijiji kipya cha ujamaa, na kisima chao kilingoja hesabu yangu.

Nilipima madimbwi yanavyopungua, nikaandika kwamba yote yaliyopungua yameingia ardhini. Nikawatangazia wanakijiji mkutanoni kwamba kisima chao hakitakauka, nikasifiwa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nikawa napita Mtaa wa Msimbazi kama niliyeichimba bahari.

Mkuu wangu, Mzee Harish, mhandisi wa Kihindi mzaliwa wa Kisutu, alikuwa likizo. Aliporudi akasoma kazi yangu, akaniita.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Binti, jua lilikunywa kiasi gani?"

Sikuelewa. Akaniambia nikaweke beseni la maji uani kwetu, asiliguse mtu. Baada ya siku chache maji yalikuwa yameshuka, na beseni halina tundu. Nilikaa pale chini, mama mdogo akidhani naumwa. Kama jua la Dar, penye unyevu wa bahari, linakunywa hivi, la kule je? Na wale ng'ombe niliowaona wakinywa kwenye madimbwi yale?

Nilimwomba mzee awatumie wanakijiji barua tu. Akakataa. "Uliwapa maji kwa mdomo wako. Kawanyang'anye kwa mdomo huohuo."

Nikaenda, nikawaambia kisima hakitapata maji niliyowaahidi. Wanaume walininung'unikia, nikastahimili. Ila mama mmoja, mtoto mgongoni, alinisikiliza hadi mwisho, akasema kwa upole, "Ahsante kwa kuja mwenyewe, mwanangu. Lakini nyumba yangu ya zamani nimeshaibomoa."

Kiangazi kile walichota maji mbali sana, mpaka kilipopatikana kisima kingine.

Basi, mwanangu, sikukatazi kukosea, nani asiyekosea? Ila jambo litakalowagusa watu, kabla hujalitangaza, mpe anayejua alitafutie kasoro. Ulichokiona kwa macho usikiache nje kwa sababu kinaharibu jibu zuri. Na ukikosea, nenda mwenyewe ukaseme. Mficha uchi hazai. Mungu akujalie mtu wa kukuuliza mapema, na akupe masikio ya kumsikia.